Picha ya Mwenzako Si Rasimu Yako

Mnisamehe kwa kimya cha wiki kadhaa. Kuna mteja hapa Kitale aliyetaka mfumo wa hesabu za ghala lake ukamilike kabla mahindi hayajaanza kuingia, na mahindi hayamsubiri mtu wa programu. Leo nimepata nafasi, lakini sitaandika habari za programu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu adabu. Unapoiona picha ya mtu mtandaoni, una ruhusa ya kusema nini juu yake? Na una ruhusa ya kuifanya nini?

Nianze na kisa chenyewe.

Agosti 2024 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alitahiriwa nyumbani kwao Bungoma, upande wa Chwele. Kwa wale wasiotoka huku kwetu: Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mvulana huzunguka kwa jamaa akipiga kengele ziitwazo chinyimba na kuwaalika, huja kwa wajomba kupewa nyama, na alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni kupakwa tope. Kisha hurudishwa nyumbani katikati ya nyimbo. Mimi ndiye khocha, yaani ndugu ya mama, kwa hivyo sikuweza kukosa.

Walipokuwa wakirudi kutoka mtoni nilitoa simu nikapiga picha moja. Mvulana anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, tope limemjaa usoni, macho yanatazama mbele. Nyuma yake yupo babu yake na fimbo, na watu wengine watatu wanne. Mwanga ulikuwa hafifu, simu ilikuwa imeinama kidogo, na mkono wa mtu fulani umekatwa pembeni. Si picha ya kupeleka kwenye mashindano. Lakini mimi niliipenda, nikaipandisha mtandaoni siku hiyo hiyo.

Nikapata wakosoaji wawili.

Wa kwanza aliniandikia maneno machache: "Picha nzuri. Ila umeinamisha simu, ule mstari wa kilima umelala kushoto. Ungesogea hatua moja kulia mkono wa yule jamaa usingeingia." Alikuwa na haki kila neno. Nilisoma, nikacheka, na tangu siku hiyo nimewasha ile mistari ya kusaidia kunyoosha picha kwenye kamera ya simu yangu. Huo ndio ukosoaji. Aliongea nami, na picha yangu akaiacha pale pale nilipoiweka.

Wa pili ni mtu ninayemfahamu, hupiga picha za harusi na anajua kazi yake. Yeye hakuandika lolote kwanza. Aliichukua picha, akaipitisha kwenye programu yenye akili unde, akaipandisha kwenye ukurasa wake na maneno haya: "Nimekurekebishia." Mwanga umeongezwa, mbingu imekuwa ya buluu kama ya kalenda. Tope limefutwa usoni, ngozi inang'aa. Na wale watu wa nyuma wameondolewa wote, "ili macho yaende kwa mhusika".

Nakiri kwamba kwa macho ya haraka picha yake ilikuwa inavutia kuliko yangu. Ndiyo maana ilisambaa kuliko yangu. Ndani ya siku mbili ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima, huku yangu ikiwa imelala pale nilipoiacha.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na mzee, babu wa mvulana. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, nimeonyeshwa picha. Mimi nilikuwa pale. Ni nani aliyenitoa, na nilimkosea nini?"

Nilikosa jibu. Ningemwelezaje mzee wa zaidi ya miaka sabini kwamba hakuna aliyemchukia, ni programu tu iliyoona yuko mahali pabaya?

Hebu tuangalie kilichofanyika, maana sisi watu wa programu tunapenda kusema "ni kifaa tu". Kufuta watu kwenye picha ilikuwa kazi ya fundi wa Photoshop mwenye subira. Mwaka 2021 Google iliiweka kazi hiyo ndani ya simu za Pixel 6 kwa kugusa kwa kidole, na leo programu za namna hiyo ni nyingi. Lakini programu haijui kilichokuwa nyuma ya mtu inayemfuta. Inakisia. Inatazama pikseli za jirani na kile ilichojifunza kwenye mamilioni ya picha nyingine, halafu inabuni ukuta, majani au mbingu. Kwa hiyo mahali aliposimama babu yake mtoto sasa pana migomba ambayo haijawahi kupandwa na mtu yeyote. Na tope? Programu ililiona kuwa doa. Imefundishwa kwamba uso mzuri ni uso safi. Asubuhi ile tope ndilo lililokuwa habari yenyewe. Liondoe, na unabaki na mvulana aliyesimama shambani.

Fundi wetu hakuwa na nia mbaya. Ila alisahihisha picha bila kujua ni ipi iliyokuwa kosa na ipi iliyokuwa maana. Na asingeweza kujua bila kuuliza.

Mtaniambia, lakini wewe ni mtu wa programu huria, si ndiyo kazi yenu kuchukua kitu cha mwenzenu na kukiboresha? Naam, ndiyo. Lakini tazameni tunavyofanya. Nikiona kosa kwenye msimbo wa mtu, siingii kwenye faili lake nikalifuta. Nachukua nakala, natengeneza kiraka, namtumia mwenyewe na kumweleza nimebadilisha nini na kwa nini. Yeye anaangalia, anakubali au anakataa. Akikataa, naweza kuendelea na nakala yangu kama leseni inaruhusu, lakini jina lake halitumiki kwa mambo yangu. Mfumo wa Git, ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005, unahifadhi historia yote: nani alibadilisha mstari upi, lini, na ulikuwaje kabla. Uhuru wetu wote umekaa juu ya adabu hiyo.

Picha ya mtandaoni haina kinga hiyo. Ukiihifadhi kama JPEG baada ya kuibadilisha, toleo la zamani halimo ndani yake. Maelezo yanayofichwa kwenye faili, kama vile tarehe na aina ya kamera, kwa sehemu kubwa huondolewa WhatsApp inapoituma kama picha ya kawaida. Mwaka 2021 makampuni kadhaa, yakiwemo Adobe, Microsoft na BBC, yaliunda muungano uitwao C2PA ili picha iweze kubeba historia yake. Ni kazi nzuri. Lakini yule mzee wa Chwele aliona picha kwenye simu ya jirani, na hakuna alama yoyote iliyomwambia kwamba ile ilikuwa ya pili na ya kwanza ilikuwa nyingine.

Wala sisemi kubadilisha picha ni dhambi ya kigeni iliyoletwa na akili unde. Kule Lamu, Omar Said Bakor na studio yake walijulikana kwa kukata na kuunganisha picha za wateja kwa ustadi mkubwa, miaka mingi kabla ya kompyuta. Na studio za miji yetu zilikuwa na pazia la nyuma lililochorwa, ukasimama mbele yake kana kwamba umesafiri mbali. Tofauti ni kwamba mteja aliingia kwa mlango, akachagua pazia, akalipa, na picha akaenda nayo mwenyewe. Mabadiliko yalikuwa yake.

Kuna na mchezo, nao nauheshimu. Mwaka 2010 bendi ya Just A Band ilipotoa video ya "Ha-He", Wakenya walimchukua Makmende wakamweka kwenye majalada ya magazeti na kila mahali. Makmende ni mhusika wa kubuni, hana babu wa kuuliza kwa nini amefutwa. Lakini tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, mtu wa kweli alipigwa picha Nairobi akiwa kwenye foleni ya kura, anakula githeri kwenye mfuko wa plastiki. Mnakumbuka. Tulimkata tukambandika kila tulipotaka, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosambaza. Yeye bahati ilimwangukia: zawadi zikaja, na Desemba mwaka huo akapewa nishani na Rais. Basi tukajifunza somo baya, kwamba ukimchezea mtu picha yake mwishowe atashukuru. Kwa kila mmoja anayepata nishani, wangapi wanapata kicheko tu?

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa aliyetengeneza kazi, picha zikiwemo, haki ya kutambuliwa kuwa ni yake na ya kupinga kazi hiyo isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Nilipoisoma nilifurahi sana. Nilimwandikia yule fundi wa harusi faraghani, nikamweleza habari za mzee. Kwa sifa yake, aliiondoa picha siku hiyo hiyo na akaomba radhi. Yale makundi ya ukoo, bila shaka, bado yanayo.

Nikawa tayari kuandika makala haya kwa hasira, mimi nikiwa mwenye haki. Kisha likizo ya Desemba mpwa wangu akaja Kitale kunitembelea. Nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyopigania picha yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, akiangalia chini kwa heshima: "Sawa khocha. Lakini hata wewe hukuniuliza."

Wasomaji wangu, nilinyamaza. Shuleni kwao ile picha ilikuwa imeshafika. Iliyosafishwa walimcheka kwamba amepakwa vipodozi. Ya kwangu walimcheka kwa tope. Kwake yeye wote wawili tulikuwa watu wazima tuliochukua uso wake tukaupeleka sokoni, na kugombana ni nani aupambe.

Na sheria hiyo hiyo niliyofurahia ina ndugu yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi na kutanguliza maslahi ya mtoto. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Mjomba hayuko juu ya hayo. Hakimiliki ya picha ilikuwa yangu. Uso haukuwa wangu.

Kwa hiyo niliiondoa picha. Nimeichapisha kwenye karatasi nakala mbili, moja kwa mvulana, moja kwa babu yake. Ya mzee imetundikwa sebuleni, imeinama vile vile kushoto, na yeye yumo.

Haya ndiyo ninayojaribu kuyafuata sasa:

1. Kosoa kwa maneno kabla ya kugusa. Sema kitu ambacho mpigaji anaweza kukifanya kesho: sogea, nyoosha, subiri mwanga. "Mbaya" si ukosoaji.

2. Kama hakuomba maoni, muulize kwanza kama anayataka, na mwambie faraghani.

3. Ukitaka kuonyesha kwa mfano, omba ruhusa, mtumie yeye peke yake, na mwachie aamue. Kiraka hupelekwa kwa mwenye msimbo.

4. Ukiruhusiwa kuchapisha, andika wazi umebadilisha nini, na iweke ile ya kwanza kando yake.

5. Kunyoosha mstari na kuongeza mwanga ni jambo moja. Kumtoa mtu, kumwongeza, au kugusa ngozi yake ni jambo lingine kabisa, na hapo ruhusa ya mpigaji haitoshi. Bisha hodi kwenye mlango wa pili, wa aliyepigwa.

6. Na wewe mpigaji, usidai adabu ambayo hukuionyesha. Mlango huo wa pili ulikuwa wako wa kwanza.

Najua wengine mtasema haya ni mazito mno kwa picha ya simu. Labda. Lakini mwaka mwingine wa tohara ukifika, alfajiri, simu zitakuwa nyingi kuliko chinyimba. Mdogo wake atakuwa mtoni siku moja. Nitamuuliza mapema, mchana, akiwa ameshiba na ana muda wa kufikiri. Akisema hapana, nitaweka simu mfukoni nitazame kwa macho.

Wewe umewahi kufutwa kwenye picha, au kufuta mtu? Niandikie, nami nikipumua kutoka kwenye ghala la mahindi nitajibu.