Hesabu Zikikushinda, Usiache Falaki





Mwaka huu mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la juu, kijana anayetangulia kupanda juu ya paa kila tunapotafuta mwezi mwandamo, alitwambia kuwa ameacha nia yake ya kusomea elimu ya nyota. Sababu ni hesabu. Skuli amepata alama za chini, na nyumbani ameambiwa kuwa kichwa chake si cha hesabu. Sisi walimu wake tunaona kuwa maneno hayo hayakuwa ya haki.

Wiki ile ile, katika somo la mirathi, tulimpa mas-ala: mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Akatoa jibu kabla ya wenziwe. Asili ya mas-ala ni 24: mke ana 1/8, yaani mafungu 3, mama ana 1/6, yaani 4, yaliyobaki 17 ni ya mtoto. Hizo ni hesabu za sehemu, zile zile alizofeli skuli! Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljabra huko Baghdad katika karne ya 9, aliweka ndani yake mlango mrefu wa wasia na mirathi. Hakuona kuwa hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Lakini hatutaki kumdanganya mtoto wa mtu. Fizikia ya chuo kikuu haisomeki bila ya hesabu, na elimu ya nyota ya leo ni fizikia. Wapo wanaomtaja Michael Faraday, Mwingereza aliyeanza kama mwanagenzi wa mjalidi vitabu, ambaye hesabu zake zilikuwa chache mno, na mwaka 1831 akagundua namna ya kupata umeme kwa sumaku. Ni kweli. Ila fikra zake zilimngoja James Clerk Maxwell aziandike kwa hesabu, na chumba cha mtihani hakuna Maxwell wa kukusaidia.

Tunachosema ni kuwa udhaifu huu mara nyingi ni pengo la miaka ya nyuma, si maumbile. Aliyekosa sehemu darasa la tano hataiweza aljabra kidato cha pili, na asiyeiweza aljabra atazama kwenye trigonometria. Na arudi pale alipopotea, hata kama ni kwa kitabu cha mdogo wake. Hakuna mwanafunzi wetu aliyehifadhi juzuu kwa kuisoma mara moja. Wazazi wanalijua hilo na huvumilia. Kwa hesabu, uvumilivu huo huisha ikija ripoti moja mbaya.

Na falaki inamhitaji. Surat Yunus, aya ya 5, inautaja mwezi na vituo vyake ili tujue idadi ya miaka na hisabu. Hapa Unguja Kibla ni karibu kaskazini kamili, basi tumezoea kutopiga hesabu. Kule Kigoma kinapinda kiasi cha digrii 20 kuelekea mashariki, na hapo huwezi kukisia.

Tumemwomba baba yake amwachie mwaka mmoja zaidi. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa naye pamoja na wenzake wanne, tumeanzia kwenye sehemu. Tarehe 16 Julai, kiasi cha saa 6:27 mchana, jua litakuwa juu ya Al-Kaaba. Tutasimamisha fimbo uwanjani, tupime kivuli, kisha kila mmoja atoe hesabu yake ya Kibla tuone kama vinakubaliana. Anayetaka aje na daftari.