Fumbo lina mwenyewe

Na Zuhura Makame

Mwaka 2023 watafiti wawili walioko Ujerumani, Sophie Jentzsch na Kristian Kersting, walikusanya vichekesho 1,008 vilivyotolewa na ChatGPT. Zaidi ya asilimia 90 vilikuwa vichekesho vilevile 25, vikizungushwa. Habari hiyo iliwafurahisha wengi wanaopenda kuambiwa kwamba mashine haitamfikia binadamu katika ucheshi. Kwa msemaji wa Kiswahili ushahidi huo una uzito mdogo, kwa sababu sisi wenyewe ni watu wa kurudia. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango kimetegwa vizazi na vizazi na jibu lake bado ni yai. Hakuna aliyewahi kumlaumu mzee kwa kutoa methali ambayo hakuitunga yeye. Kama kosa la kompyuta ni kurudia, basi vibarazani kote kuanzia Lamu hadi Kilwa kumejaa wakosaji.

Tukubali pia kwamba kuchezea maneno ni kazi ambayo kompyuta iliiweza kabla ya haya makelele ya akili mnemba. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Kim Binsted na Graeme Ritchie walitengeneza programu iitwayo JAPE iliyotunga vitendawili vya Kiingereza. Haikuwa na maajabu. Ilipewa msamiati, orodha ya maneno yanayofanana kwa sauti, na vielelezo vichache vya namna swali na jibu vinavyojengwa. Ikawa inachomeka neno moja mahali pa jingine. Kwa Kiswahili kazi ingekuwa na ugumu wake wa pekee, nao ni upatanisho wa kisarufi. Chukua mbuzi: kuna wa kuchinjwa na kuna ya kukunia nazi. Ukisema “mbuzi wetu amezeeka”, umeshamtaja mnyama. Ukisema “mbuzi yetu imechakaa”, umeshakitaja kifaa. Utata umekufa kabla hujamaliza sentensi, kwa kuwa viambishi vimetoa siri. Mfumbaji anayeijua kazi yake hukimbilia mahali ambapo viambishi havijitokezi: “Majirani wana mbuzi mwaka mzima, na nyama hawaijui.” Hapo msikilizaji ameachwa njia panda. Lakini hata ujanja huu unafundishika. Weka ngeli ya kila neno kwenye kamusi ya mashine, iamuru ichague miundo isiyodai upatanisho, nayo itakutolea mafumbo ya mbuzi, ya paa na ya kaa mpaka uchoke.

Mashine ikishafika hapo, bado haijafumba chochote. Itazame tena ile sentensi ya majirani. Ikitolewa na mtoto jioni, wenzake wakiwa wameshaitikia “tega”, ni kitendawili. Ikisemwa kwa sauti ya juu na mama aliye uani, huku jirani mwenyewe anapita, ni kijembe, na huenda mjumbe akaitwa kuamua. Maneno ni yaleyale, hata nukta haikubadilika. Fumbo limetoka kwa aliyesema, aliyelengwa, na yale yaliyowahi kupita baina yao. Kanga zinatufundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha fasihi. Jina la kanga huchapwa kiwandani kwa maelfu, na wavaaji hawamjui mtunzi wala hawana haja naye. Pale dukani ni maandishi tu. Huwa kauli siku mwanamke anapoichagua hiyo akaacha nyingine, akajifunga, akapita nayo mbele ya nyumba fulani. Kuanzia hapo kauli ni yake, na akiulizwa hawezi kujitetea kwamba kiwanda ndicho kilichosema. Kompyuta inayotunga mafumbo imekaa mahali pa kiwanda. Sioni aibu yoyote katika hilo. Aibu huanza pale mvaaji anapokosekana.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka hukohuko kwa akina Ritchie. Katika muongo wa 2000 vyuo vikuu vya Aberdeen, Dundee na Edinburgh viliiendeleza kazi ya JAPE kuwa programu iliyoitwa STANDUP, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu unaowazuia kusema, wengi wao wakiwa na mtindio wa ubongo. Mtoto alichagua maneno au mada kwa kutumia picha, kompyuta ikatunga kitendawili, kisha ikakitamka kwa niaba yake. Watoto ambao vifaa vyao vya mawasiliano vilikuwa vya kuombea maji na chakula wakapata cha kuwatania walimu na wazazi. Vitendawili vingi vilikuwa dhaifu, nami siwezi kuvisifu kwa usanii. Lakini palikuwa na mtu aliyeamua amtanie nani, na aliyengoja kuona kama atacheka.

Watakaonipinga watanionyesha utafiti wa Brian Porter na Edouard Machery wa mwaka 2024, ambamo wasomaji wasio wataalamu wa ushairi walishindwa kutofautisha mashairi ya kompyuta na ya washairi mashuhuri wa Kiingereza, tena wakayapendelea ya kompyuta. Ni matokeo mazito, na hayakanushwi kwa kuguna. Ila waandishi wenyewe wanadokeza sababu: mashairi ya mashine yalikuwa mepesi kueleweka. Basi kipimo hicho kinalipa wepesi, ilhali fumbo hutungwa makusudi ili liwapite wengine na limfikie mlengwa. Wengine watasema mashine za leo zinayasoma mazungumzo yetu yote, kwa hiyo karibuni zitamjua mlengwa kutuliko. Huenda. Kumjua mtu na kubeba lawama ya ulichomwambia ni mambo mawili, na hakuna baraza litakaloiita programu ije kueleza ilikusudia nini.

Hili si suala la nadharia kwa wahariri wa kurasa za mashairi magazetini. Mtu yeyote sasa anaweza kupata, kwa dakika moja, beti zinazojaribu vina na mizani 16 kwa mshororo, na pale zinapoyumba akazinyoosha kwa mkono. Kuzipiga marufuku ni kujisumbua, maana hakuna atakayezitambua kwa hakika. Linalowezekana ni kuurejesha utaratibu wa malumbano uliokuza ushairi wa magazeti yetu: shairi lichapwe kwa jina la mtu, mshairi mwingine alijibu, na aliyetangulia atakiwe kujibu hoja na kueleza mafumbo yake. Anayeweza kufanya hivyo tusimuulize alisaidiwa na nini. Asiyeweza, mhariri asimpe nafasi ya pili.