Sita au nane?

Wadau, leo siasa ipumzike. Nina ugomvi na herufi. Ndiyo, herufi! Zile nene, zilizobanana kama abiria wa Hiace ya Marangu wiki ya Krismasi, halafu zimelala upande kama zinakimbizwa na mgambo. Shuka stendi ya Moshi ugeuze shingo: duka la simu, saluni, kampuni ya kupandisha watalii mlimani, mkutano wa injili, mpaka zahanati. Zote zimelala, zote zinapiga kelele.

Mwezi uliopita mama mdogo alishuka kutoka Kibosho na mjukuu anayechemka homa. Zahanati aliyoifuata tukaikuta imefungwa, ila bango lilikuwa na namba ya daktari wa zamu. Tukasimama chini yake.

"Baba, hii ni sita au nane?"

Nina digrii na macho mazima, nikashindwa kumjibu. Tulipiga kwa watu wawili wasiohusika kabla ya kumpata daktari.

Herufi zile ni Impact, kazi ya Mwingereza Geoffrey Lee, iliyotolewa na kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield mwaka 1965. Ilitengenezwa kwa ajili ya matangazo: ijaze wino mwingi iwezekanavyo kwenye nafasi iliyopo. Ndiyo maana matundu ya 6, 8 na 9 ni kama ufa wa mlango. Kwa maneno matatu ya kichwa cha habari, sawa. Kwa namba ya simu yenye tarakimu kumi, hapana! Mwaka 1996 Microsoft ilipoanza kugawa bure fonti za intaneti, Impact ilikuwamo, na leo unaijua hata kwenye zile meme za kuchekesha. Na ule mlazo si wake. Impact ya kwenye Windows haina mlazo. Kijana wa steshenari anabonyeza kitufe, kompyuta inaisukuma upande kama gunia la mahindi.

Najua mtasema bango la kuprinti ni rahisi na linatoka siku hiyo hiyo. Kweli, na mashine sigombani nayo. Fundi wa brashi naye alilaza herufi, lakini ubavuni mwa basi, ambako MOSHI–HIMO–MARANGU lazima iingie kwenye ukanda mwembamba. Ukutani mwa duka alizisimamisha, akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akatazama. Wa kompyuta anatazama skrini iliyo mbele ya pua yake, wakati msomaji atakuwa dirishani mwa Hiace inayokimbia.

Sisi wa magazeti nasi si wasafi. Niliwahi kuandika habari ya bei ya kahawa kule Uru. Ikatoka na kichwa chekundu kilicholazwa, ukubwa ule ule wa habari ya fumanizi iliyokuwa pembeni yake. Mzee mmoja akaniuliza kama nilikuwa nawatania.

Mjukuu amepona. Nilirudi zahanati kuomba zile namba zisimamishwe na zipewe nafasi. Nikaambiwa bango lilivyo "lina mvuto".

Haya. Wewe mwenye bango Moshi, Himo au Machame, jioni ya leo vuka barabara, simama ng'ambo, usome namba yako mwenyewe kwa sauti. Ukikwama kwenye sita, rudi steshenari.