Dola ovu halikutoka angani

Kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, vya Buguruni, Dar es Salaam, nyuma ya pazia zito linalozuia jua, kuna imani isiyohojiwa: filamu za anga ni burudani tupu, siasa haimo. Star Wars, wanasema, ni panga za mwanga na mwovu mwenye kofia nyeusi, basi. Wa kwanza kuikana imani hiyo ni mwenye filamu mwenyewe. George Lucas alianza kuiandika Vita vya Vietnam vikiendelea, na ameeleza waziwazi kwamba dola lake ovu ni Marekani yenye mitambo ya kutisha, iliyoshindwa na watu wa msituni. Mtawala wake mkuu alimchora akimfikiria Rais Nixon.

Utaulizwa: ya Washington yanamhusu nini mtu wa Buguruni? Yanamhusu sana. Dola la sinemani hulipua sayari nzima ili nyingine zishike adabu. Hapa kwetu, mwaka 1905, Wamatumbi wa Nandete, kusini mwa nchi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Utawala wa Kijerumani ukajibu kwa kuteketeza vijiji, mashamba na maghala ya kusini, na wengi waliokufa katika vita hivyo vya Maji Maji waliuawa na njaa, wala si risasi. Mbinu ni ileile: tisha mmoja, watii kumi.

Pingamizi zito ni kwamba filamu hurahisisha mno, kwa kuwa uovu wa kweli hauvai kofia nyeusi. Sawa, lakini mwovu huyo hasimami peke yake. Nyuma yake wamejipanga askari wa kofia nyeupe, hawana sura wala jina. Sasa nenda Posta umtazame askari wa shaba aliyesimamishwa na Waingereza mwaka 1927, singe yake ikielekea bandarini. Ni ukumbusho wa waliowapigania katika Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariakoo. Huyo sura anayo, na ni sura yetu. Hata maghala ya kusini Wajerumani wachache wasingeyamaliza peke yao. Viberiti vilishikwa na askari Waafrika waliolipwa mshahara. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia, na kazi ya uaskari haikukosa watu.

Kwa hiyo anayesema ni burudani tupu amekodolea macho kofia moja tu, ile nyeusi. Safari ijayo ahesabu zile nyeupe, kisha ajiulize wale vijana waliajiriwa kutoka kijiji gani.