Dunia inaisha, wewe lete nyama vipande kumi

Kimya kimekuwa kirefu, mnajua wenyewe msimu wa test ulivyo. Habari za hapa chuoni ni zile zile: bumu halijaingia, maji ghorofa ya tatu yanapanda usiku wa manane, na kwenye vimbweta wapenzi ni wengi kuliko wasomaji. Tuziache. Leo nina ugomvi, tena ni na watu wanaotengeneza magemu ya kifantasia, yale marefu ya mapanga, uchawi na mazimwi, ambayo unamlea mtu wako toka hana hata kiatu mpaka anakuwa mkombozi wa dunia. RPG. Nayapenda mno, ndo maana nagomba. Gemu la mpira likinichosha nazima tu, sina la kusema.

Ugomvi wenyewe ni juu ya misheni za pembeni. Kwa wasiocheza: gemu lina hadithi kuu, mfalme mbaya, zimwi, mwisho wa dunia, vitu kama hivyo. Halafu pembeni kuna watu wadogo, mkulima, mjane, mlinzi wa geti, kila mmoja na shida yake. Ukimsaidia anakupa hela au panga, unaendelea na safari. Ukilifikiria, ni wazo zuri kuliko yote yaliyomo. Zimwi lipo kwa ajili ya kupigwa, lakini mjane ndiye anayekuambia kwa nini dunia hiyo inastahili kuokolewa.

Sasa tazama wanavyomfanya huyo mjane.

Chukua Dragon Age: Inquisition, gemu la BioWare la mwaka 2014. (Hapa kwetu tunacheza magemu ya umri huo kwa sababu na kompyuta zetu ni za umri huo, msitucheke.) Mbingu imepasuka. Simaanishi mafumbo, imepasuka kweli, kuna tundu la kijani juu na mashetani yanadondoka kama maembe. Wewe ndiye mtu pekee mwenye alama mkononi inayoweza kuziba matundu hayo. Watu wanakuita mteule. Basi, mteule unapelekwa sehemu inaitwa Hinterlands, unakuta wakimbizi wa vita wana njaa, unaambiwa: tuletee nyama ya kondoo, vipande kumi.

Kumi! Na mashetani yanadondoka!

Haya, nikasema mkimbizi mwenye njaa ni mtu, haki yake. Nikaingia porini kufukuza kondoo dume, nikaleta. Nikapata sentensi moja ya shukrani, pointi zikapanda, alama ikafutika kwenye ramani. Nikakaa pale dakika kadhaa nikiangalia. Sikuona sufuria ikiinjikwa, wala mtoto akipewa mnofu. Hiyo nyama nilimletea nani, jamani? Halafu ikafuata kazi ya mablanketi, kisha dawa, kisha ua mbwa mwitu wa mfuga farasi, kisha mwekee alama atakapojenga minara, kisha chomeka bendera juu ya kilima. Siku nzima ya Jumamosi ikaenda hivyo.

Kinachoniudhi kuliko kondoo wenyewe ni kwamba mteule huyu ana meza ya vita. Juu yake kuna ramani, pembeni washauri watatu: mkuu wa majeshi, balozi na mkuu wa wapelelezi. Unamchagua mmoja, unampa kazi, anatuma watu wake, na kazi nyingine zinakula masaa ya kweli, ya saa ya ukutani. Kumbe watu wa kutumwa wapo! Jeshi zima lipo! Kamanda ana askari wa kupeleka pande zote za nchi ila hana askari hata mmoja wa kufuata kitoweo?

Sasa najua kuna mtu hapa ameshaanza kuandika: "Si ni hiari? Usifanye." Huo ndo utetezi wao mkubwa na ni uongo mweupe. Ndani ya gemu hilo hadithi kuu imefungwa kwa pointi. Kila hatua kubwa inataka kiasi fulani, na pointi unazipata kwa vijikazi hivi hivi. Sawa, hutalazimika kufanya vyote, lakini utafanya vya kutosha. Linakujazia ramani alama kama ukurutu, mwenyewe unakuna. Ilifika mahali wachezaji duniani wakawa wanaonyana: ndugu, ondoka Hinterlands. Saa tamu kuliko zote katika gemu lile, shambulio la Haven na ile safari ya kwenye theluji baada yake, ziko mbele. Jirani yangu wa chumba cha pili hajaziona mpaka leo. Alikaa Hinterlands muhula mzima, akachoka, akafuta gemu lote apate nafasi ya kuweka sizoni za Kikorea. Nani wa kumlaumu?

Na ngoja niwaambie ninachogombea hasa, kwa sababu muda peke yake ningesamehe. Muda tunaupoteza kwa mengi, hata kwenye foleni ya wali maharage.

Katika Hinterlands hiyo hiyo kuna mjane. Mumewe ameuawa na askari wa Templar, wakaondoka na pete yake ya ndoa. Anakuomba umrudishie pete. Mwenzangu wa chumbani alikuwa anacheza, mimi nimelala kitandani na desa la takwimu kifuani. Akaenda, akawaua askari, akarudi, akakabidhi pete. Nikamwuliza, "Hivi yule mama walimuulia mume kwa kosa gani?" Akanijibu bila kugeuza shingo, "Mama gani?"

Pete ilikuwa imetoka mkononi mwake sekunde ishirini zilizopita, jamani. Na huyu si mtu mwenye roho ngumu, ndiye aliyechangisha chumba kwa chumba mwaka jana kijana mmoja alipofiwa. Gemu lenyewe limemfundisha. Limempa watu hamsini wenye shida, arobaini na tano wakiwa hawana neno la maana, basi kidole kimejifunza: ukiona mtu analia, bonyeza, bonyeza, bonyeza, tafuta mshale, nenda. Kwa hiyo anapokuja yule mmoja ambaye mwandishi alimtolea jasho, naye anarukwa vile vile. Kazi mbaya haiharibu nafasi yake tu, inaiharibia na jirani yake.

Mfano mchungu zaidi uko humo humo. Njiani utakuta mafuvu ya vichwa yamesimikwa juu ya miti. Ukichungulia ndani yake unaona vipande vya kioo vinang'aa mbali, eti ukavikusanye. Ukipekua nyumba fulani kijiji cha Redcliffe ndo utajua mafuvu yale ni ya nani: ni waganga waliokuwa wamekwisha kunyang'anywa hisia na uchawi wao, watu wasioweza hata kujitetea, waliochinjwa ili vifaa hivyo vitengenezwe. Niliposoma barua ile nilinyamaza kabisa. Hadithi kama hiyo ungeweza kutengenezea gemu zima. Wao wameifanya nini? Wameifunika kwa vipande kibao vya kuruka ruka juu ya majabali kama mbuzi, na ukivikusanya unafunguliwa milango ya hekalu upate kinga ya baridi na moto. Kinga ya baridi!

Bibi zetu walilijua hili bila kompyuta. Kwenye hadithi zile za usiku, binti yuko safarini, ana haraka, anakutana na kikongwe njiani ananuka, macho yana matongo, anamwambia mjukuu wangu nioshe. Dada mkubwa alikataa akapita. Mdogo anakaa, anamwosha. Hiyo ni misheni ya pembeni, au siyo? Lakini msimulizi hamtupi yule kikongwe. Neno aliloliacha ndilo linalomwokoa binti mbele ya safari, na dada mkubwa naye linamkuta la kumkuta. Ungethubutu kusinzia wakati kikongwe anaongea? Hakuna mtoto aliyethubutu, kwa sababu tulijua anarudi. Kikongwe wa Hinterlands harudi.

Nisiwaonee BioWare peke yao, mchezo huu una ukoo mrefu. World of Warcraft ya mwaka 2004 ina nyika inaitwa The Barrens, na humo kuna zhevra, yaani punda milia aliyeota pembe. Unaagizwa kwato nne. Mimi nikafurahi, mnyama mmoja kazi imeisha. Ukamwua wa kwanza, hana kwato. Wa pili, hana. Wa tatu, unapata moja! Wadau, mimi punda milia nimewaona Mikumi kupitia dirisha la basi la Mbeya, na nawahakikishia wote walikuwa wamesimama juu ya kitu. Siri yake ni kwamba kompyuta inarusha dau kila mnyama anapokufa, na dau limepangwa uhangaike. Angalau wale wana sababu ya kibiashara, wanatoza ada ya mwezi.

Skyrim, 2011. Hapa waliona kuandika kunawachosha, wakatengeneza mtambo. Mtambo unachukua jina la pango kwenye orodha hii, jina la jambazi au mnyama kwenye orodha ile, unamwekea mtu mdomoni, kazi mpya imezaliwa, na haziishi milele. Sisi tunaujua mtambo huo, ndo asaimenti ya kundi inayozunguka bweni zima, kila mtu anabadilisha jina na namba ya usajili kwenye ukurasa wa juu. Tofauti ni kwamba sisi tukikamatwa tunakula sifuri. Unakuwa kiongozi wa kikosi cha Companions, mkuu kabisa, halafu wanaopaswa kukupigia saluti wanakutuma ukaue dubu nyumbani kwa mtu. Na kuna chuo cha uchawi, Winterhold, ambako unaingia kwa kuonyesha uchawi mmoja na muda si mrefu umekuwa Mkuu wa Chuo. Hakuna test, hakuna sup, hakuna hata aliyekuuliza umesoma nini. Wenzetu hapa wana miaka mitano wanatafuta digrii ya miaka mitatu.

Nikitaja Final Fantasy X (2001), ile ya kukwepa radi mara 200 mfululizo bila kupigwa hata moja, mtaniambia ni mtihani wa ustadi. Sawa. Ila niambieni radi hizo zinasimulia nini. Na Zelda: Breath of the Wild (2017) imeficha mbegu 900 za Korok, na aliyezimaliza zote anapewa kitu cha dhahabu chenye umbo la... samahani kwa walio mezani, mavi. Hao nawaheshimu. Wamekuambia usoni.

Rafiki yangu wa uhandisi ananipinga. Anasema akitoka maabara kichwa kimejaa, kuchuma majani ya dawa masaa mawili kunampumzisha, na mimi najifanya profesa wa fasihi. Hoja yake naisikia. Lakini ukitaka kunipa kazi ya kupumzisha akili, nipe uvuvi, uite uvuvi. Nipe shamba. Usiniletee mtoto mgonjwa na mama anayelia ili nichume majani, halafu mtoto mwenyewe simwoni tena. Kama kilio hakina maana, usikiweke.

Na msiniambie haiwezekani, maana imeshafanyika. Oblivion, ya 2006, ina mchoraji aliyepotea ndani ya picha yake mwenyewe, unamfuata humo ndani, miti na mawe yote ni rangi. (Gemu hilo hilo, jamaa mwingine anakuagiza mizizi ya nirnroot kumi, kisha ishirini, kisha thelathini, kisha arobaini. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua.) The Witcher 3, ya mwaka 2015, mwanzoni kabisa bibi mmoja anakuomba umtolee kikaango chake kilichofungiwa kwenye nyumba. Kikaango! Hakuna kazi ndogo kuliko hiyo. Unaingia, unakuta maiti na mabaki ya makaratasi yaliyochomwa, na kikaango kimekwanguliwa masizi yote, mtu alikuwa anatengenezea wino. Vita vyote vya nchi ile unavinusa ndani ya kibanda kimoja, kisha bibi anachukua kikaango chake, hana habari. Dakika tano. Kwa hiyo tatizo si udogo wa kazi, ni kwamba kuna mtu alikaa akaifikiria. Ingawa watu hao hao wa Witcher ndo waliomwaga mapipa ya magendo bahari nzima ya Skellige, ukazunguke na kamtumbwi kama mvuvi haramu. Sijawasahau.

Wenzetu wanauza gemu kwa kuhesabu masaa, masaa mia, masaa mia mbili, kama vile tunanunua unga. Mimi nataka masaa thelathini, na mjane mmoja ambaye mwenzangu wa chumbani atakumbuka jina la mumewe.

Haya. Kesho saa moja asubuhi nina seminari na sijagusa kitu. Mwenye misheni ya pembeni iliyowahi kumtoa machozi, aniandikie jina la gemu na jina la huyo mtu, si jina la zawadi. Na anayetaka kuwatetea wale kondoo anajua chumba changu kilipo, aje tuongee, ila aje na nyama. Vipande kumi.