Watunzi tusiuache wema upite kimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sisi tunaojaribu kutunga mashairi na hadithi.

Mara nyingi watunzi hulalamika kwamba hawana la kuandika. Wako wanaongoja sikukuu au kampeni ndipo kalamu ziamke. Wako wasioona utamu mpaka patokee wizi, mauaji au fumanizi. Mimi nasema hazina tunayoitafuta iko milangoni mwetu, nayo ni wema ambao watu hutendeana kila siku.

Hapa Ipagala, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wageni wamekuwa wengi, na majirani wengi hawajuani hata majina. Siku moja ya mgawo wa maji nilimwona mama mmoja mpangaji, muuza maandazi, akitua ndoo mbili alfajiri mlangoni kwa mzee asiyejiweza, ndipo akarudi bombani kujaza zake. Mzee yule si jamaa yake, wala hakuna aliyemtuma. Mimi niliyekuwa nimekaa miezi bila kuandika hata mstari, asubuhi ile niliandika beti sita bila kuinuka. Nilipozisoma katika kikao cha mtaa, watu hawakuuliza habari za vina na mizani. Waliuliza mzee huyo anaishi wapi, na kesho ni zamu ya nani.

Jambo hili si geni katika sanaa yetu. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alikuwa muuza vyungu asiyejua kusoma. Alipohamia mjini mwaka 1911, mwanamuziki Ali Muhsin aliisikia sauti yake akamfundisha muziki. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Wengi wanaukumbuka wimbo wake wa Kijiti, ambao ni habari ya mauaji. Lakini kabla ya wimbo huo alikuwapo mtu aliyekubali kumfundisha muuza vyungu. Kisha Shaaban Robert akaona maisha ya mama huyo yanastahili kitabu, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa mwaka 1958. Wema ulizaa nyimbo, nyimbo zikazaa kitabu.

Najua wako watakaonipinga kwa methali: tenda wema nenda zako. Nami naikubali. Lakini ndugu zangu, methali hiyo aliambiwa mtenda, hakuambiwa aliyeona. Mtenda akinyamaza kwa adabu, na aliyeona akanyamaza kwa uvivu, watoto wetu watajifunzia wapi?

Hatari ya kunyamaza kwetu tunaiona. Siku hizi mtu akipeleka kilo tano za unga kwa mjane, kwanza hutoa simu, na picha ya mjane ameshika mfuko huenea nchi nzima kabla ugali haujaiva. Mtoaji anapata sifa, mpokeaji anabaki na aibu. Shairi lina stara kuliko picha hiyo. Linaweza kukitaja kitendo na kuuficha uso. Ndiyo maana katika beti zangu sikumtaja yule mama wala yule mzee.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi kazi ya kuandika kitendo kimoja chema walichokiona wenyewe mtaani kwao, bila kutaja majina. Pili, shule zifufue ngonjera, sanaa aliyoieneza Mathias Mnyampala, mshairi wa huku kwetu Ugogo aliyefariki mwaka 1969. Ngonjera ni majibizano: mmoja atetee kunyamaza, mwenzake atetee kusimulia, na wasikilizaji waamue.

Watunzi wenzangu, ubaya una wasimulizi wa kutosha. Tusingoje mtu mwema afe ndipo tumsifu kwenye matanga, wakati yeye hasikii na aliyemsaidia hana tena wa kumchotea maji.

Msomaji wako,
Ipagala, Dodoma.