Betri ya Moyo Isiyo na Waya

Moyo wa mtoto mchanga mwenye afya hupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika. Wapo watoto ambao mioyo yao hupiga mara 50 tu, na mama hushangaa kwa nini mwanawe hachoki kulala na hana nguvu ya kunyonya.

Moyo una umeme wake wenyewe. Huanzia katika chumba cha juu cha kulia, kisha hushuka kwa njia nyembamba hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Njia hiyo ikikatika, vyumba vya chini hubaki kujipigia polepole bila amri. Kwa baadhi ya watoto hukatika wakiwa bado tumboni, kingamwili za mama zinapoidhuru. Kwa wengine huumia wakati wa kuzibwa tundu la moyo, kwani hupita ukingoni kabisa mwa tundu lenyewe.

Zamani watoto waliopasuliwa moyo waliunganishwa na mashine iliyochomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba, 1957 umeme ulikatika mjini Minneapolis, Marekani, alikokuwa akifanya kazi daktari mpasuaji C. Walton Lillehei. Daktari huyo akamwomba fundi wa vyombo vya hospitali, Earl Bakken, atafute njia nyingine. Baada ya wiki chache tu, Bakken akaleta kisanduku kidogo chenye betri. Mwaka uliofuata, huko Sweden, mgonjwa wa kwanza akawekewa chombo cha namna hiyo ndani ya mwili.

Lakini waya ulibaki, na waya ndio kisa chetu cha leo.

Kila fundi umeme anajua kwamba waya unaovutwa na kukunjwa mwisho hukatika. Sasa fikiria waya ndani ya mtoto anayerefuka kila mwaka, anayeruka kamba na kucheza mpira! Ukipitishwa ndani ya mshipa wa damu, huvutika kadiri anavyokua na huweza kuuziba mshipa. Ukishonwa juu ya moyo, betri ikiwekwa chini ya ngozi ya tumbo, nao huvunjika, na mtoto hurudi kupasuliwa.

Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha betri isiyo na waya kabisa. Urefu wake haufiki sentimita 3, na uzito wake ni kama gramu 2. Haihitaji kupasua kifua: hupitishwa kwa mrija kupitia mshipa wa pajani hadi chumba cha chini cha kulia, ikajishikiza kwa vikucha vinne. Mtoto habaki na kovu kifuani wala uvimbe wa kuchekwa na wenzake shuleni.

Hata hivyo chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Watoto wenye maradhi haya ni wachache, na viwanda hufuata soko. Mrija wake una upana wa karibu milimita 9, mkubwa mno kwa paja la mtoto mdogo, hivyo madaktari wengine wamelazimika kupitia mshipa wa shingo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2023 kutoka vituo 15 vya tiba ilieleza habari za watoto na vijana 63, wengi wao vijana wakubwa. Kwa 62 kazi ilifanikiwa na hakuna aliyekufa, ingawa mmoja moyo ulitobolewa na mwingine damu iliganda katika mshipa wa paja.

Liko jambo zito zaidi. Betri hiyo hukadiriwa kudumu kama miaka 12. Mzee wa miaka 75 huenda asihitaji ya pili. Mtoto wa miaka 8 atahitaji nyingine akiwa na miaka 20, kisha 32, kisha 44. Nayo ikikaa muda mrefu, nyama ya moyo huifunika na kuitoa huwa kazi ngumu, hivyo mara nyingi huachwa humo na mpya kuwekwa kando yake. Aina nyingine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hukazwa kama skrubu na ilibuniwa iweze kufunguliwa. Lakini miaka iliyopita tangu hapo ni michache mno kulinganishwa na umri wa mtoto.

Mzazi anayepewa karatasi ya kutia sahihi ana haki ya kumwuliza daktari: betri hii ikiisha itatolewa au itaachwa? Na ya tatu itakaa wapi?